Kazi-masomo: ruzuku inayolipa sehemu ya mshahara wa mwanafunzi

Nchini Marekani, barua ya msaada wa kifedha kutoka chuoni huweza kuwa na mstari unaosema mwanafunzi amepewa, tuseme, dola 2,400 za kazi-masomo, yaani mpango wa mwanafunzi kufanya kazi ya malipo huku akisoma. Kuna wanaozihesabu kama fedha zilizokwisha kuingia. Sivyo. Hicho ni kikomo cha anachoweza kuchuma kwa jasho lake chini ya mpango huo. Asipotafuta kazi, hapati hata senti. Natamani kila barua ingelisema hilo kwa herufi kubwa, maana inauma mtu kuzipangia ada fedha ambazo hajazifanyia kazi.

Mpango huu wa serikali kuu ulitokana na sheria ya mwaka 1964, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson katika vita vyake dhidi ya umaskini. Mwanafunzi hujaza fomu ya FAFSA inayopima uwezo wa familia, kisha chuo, kama kina mgawo wa fedha hizo, huamua nani apewe.

Ruzuku yenyewe iko upande wa mwajiri. Mchukue msichana anayekaa kaunta ya maktaba jioni, akipokea vitabu vilivyorudishwa na kuvipanga kwenye toroli kwa namba zake. Analipwa dola 12 kwa saa, na kwa saa 10 za wiki anapata dola 120. Kwa kawaida serikali hubeba hadi asilimia 75, yaani dola 90. Maktaba inatoa 30 tu. Akihamia kuwafundisha kusoma watoto wa shule ya msingi, serikali inaweza kulipa zote. Na hapo, kwa maoni yangu, ndipo mpango huu unapofanya kazi yake bora. Kampuni ya biashara hutoa angalau nusu, na kazi inayotoa inapaswa kuhusiana na masomo ya mwanafunzi kadiri inavyowezekana.

Mwajiri asidhani amepata kibarua wa bei poa. Mshahara haushuki chini ya kima cha chini cha kisheria, mwanafunzi haajiriwi ili kumwondoa mfanyakazi aliyepo, na saa za kipindi darasani si saa za kazi. Zaidi ya hayo, mwanafunzi akifikia kikomo chake, ruzuku inakatika: mwajiri alipe mshahara wote mwenyewe, au amwachie aende. Kwa hiyo msichana wetu na msimamizi wake wahesabu saa tangu wiki ya kwanza, wasije wakashtukia fedha zimekwisha mitihani ikiwa bado mbali.