3 Septemba ya Waingereza, na mtego wa kalenda

Tarehe 3 Septemba 1752 haikuwahi kufika Uingereza. Watu walilala Jumatano tarehe 2, wakaamka Alhamisi tarehe 14. Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuiacha kalenda ya kale ya Juliasi na kufuata ya Gregori, iliyoanza kutumika Roma mwaka 1582, na siku 11 zikarukwa. Anayekusanya matukio ya siku moja katika historia ya nchi hii aanzie hapo.

Nyuma ya mpaka huo, 3 Septemba ni siku ya Oliver Cromwell, jemadari wa Bunge aliyekuja kuitawala nchi bila mfalme. Mwaka 1650 aliwapiga Waskoti huko Dunbar. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, alimshinda Charles wa Pili mjini Worcester, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaishia hapo. Bunge la kwanza la utawala wake lilipangiwa kukutana tarehe hiyohiyo mwaka 1654, ingawa iliangukia Jumapili. Akafariki 3 Septemba 1658. Matukio haya yanakaa pamoja kihalali, maana yote yalihesabiwa kwa kalenda moja.

Kosa huanza pale mtu anapoyachanganya na nyaraka za Paris au Roma, zilizokwisha kufuata Gregori, ambako siku ya Dunbar ilikuwa tayari tarehe 13. Kubadilisha si kazi ngumu. Kwa tarehe za Uingereza tangu Oktoba 1582 hadi Februari 1700, ongeza siku 10. Kuanzia Machi 1700 hadi 2 Septemba 1752, ongeza 11, kwa sababu Juliasi iliupa mwaka 1700 siku ya 29 Februari na Gregori haikuupa. Matukio ya kabla ya 1582, kama kutawazwa kwa Richard wa Kwanza 3 Septemba 1189, yaache yalivyo.

Kisha hakiki kwa jina la siku, kwani hilo halibadiliki kalenda zinapobadilishwa. Dunbar ilipiganwa Jumanne. Programu ya kompyuta ikikwambia 3 Septemba 1650 ilikuwa Jumamosi, ujue imehesabu kwa Gregori.

Mwaka nao una mtego wake. England ilianza mwaka mpya 25 Machi hadi ilipouhamishia 1 Januari kuanzia 1752; Uskoti ilikuwa imehama tangu 1600. Septemba haiguswi, lakini mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa 30 Januari ya mwaka ambao watu wake waliuita 1648, nasi tunauita 1649. Andika 1648/9, msomaji asipotee.

Baada ya 1752 njia ni nyeupe. Tarehe 3 Septemba 1783 Uingereza ilitia saini mkataba wa Paris na kuutambua uhuru wa Marekani. Usiuchanganye na makubaliano ya awali ya 30 Novemba 1782. Jumapili ya 3 Septemba 1939, muda aliopewa Hitler kuyaondoa majeshi yake Poland uliisha saa 5 asubuhi kwa saa za London, na saa 5 na robo waziri mkuu Neville Chamberlain akatangaza vita redioni. Ufaransa ikafuata jioni ya siku hiyohiyo.