Lile wingu la wadudu ziwani sio mbu jamani

Kila likitokea lile wingu jeusi juu ya Ziwa Victoria, huku Mwanza kuanzia Kirumba mpaka Igombe utasikia watu "mbu hao, malaria inakuja". Hapana. Wale ni wadudu wa ziwani tu na hawaumi. Okota mmoja aliyekufa chini ya taa umwangalie kwa karibu, hana ule mrija mrefu wa kunyonya damu, na dume ana vipapasio vyenye manyoya kama unyoya wa kuku. Mabuu wao wanakulia kwenye tope chini ya ziwa alafu wanatoka kwa mkupuo, wengine hasa mwezi ukiandama, wanapandana, wanataga, wanakufa, basi. Na dagaa wanawala sana. Mbu wa malaria mtafute kwenye vidimbwi, mashimo ya tofali na majaruba ya mpunga.

Kosa lingine ni kudhani penye wingu kubwa ndo penye aina nyingi. Ukilichambua lile wingu ni spishi chache tu zilizozaliana mno. Nenda kisiwa cha Rubondo humo humo ziwani, msitu, nyasi na matete vinakutana, hata usipoona wingu kuna vipepeo, nyuki, nyigu, mbung'o, kereng'ende, kila mmoja na kona yake. Ndo maana inaniuma tukifyeka matete, kereng'ende wanakosa pa kutagia na hao ndo wanaokula mbu wenyewe!

Wale wadudu wa ziwani wakija zima taa ya nje, funga dirisha, na mwenye pumu asiwavute puani, wanaweza kumwamshia.