Mlinganyo x + 2y = 8 una majibu mangapi?

Wiki hii nimeletewa daftari jingine. Swali lilitaka majibu ya x + 2y = 8 pamoja na grafu yake. Mwanafunzi kaandika, bila hata kusita: "Haiwezekani kupata jibu, mlinganyo ni mmoja na herufi ni mbili." Chini yake kachora mstari safi kabisa. Yaani kayakana majibu, halafu kayachora kwa rula.

Haya, tuliseme tena kwa mara ya mwisho (najua si ya mwisho). Mlinganyo huu haukukosa majibu. Unayo yasiyo na idadi. Ila jibu lake ni jozi: x na y ambazo kwa pamoja zinaufanya mlinganyo uwe kweli. Ukiweka x = 0, y ni 4. Ukiweka x = 2, y ni 3. Ukiweka x = 4, y ni 2. Hapo ndipo wengi hufunga jedwali, wakachora nukta tatu, wakaziunganisha, wakaamini kwamba majibu ni hayo matatu na mstari ni uzi wa kuyafungia. Nikiuliza, "Na x ikiwa 1?" najibiwa, "Hiyo haimo kwenye jedwali." Haimo kwa sababu hukuiandika! y ni 3.5, na nukta (1, 3.5) imelala juu ya mstari uliouchora mwenyewe. Jaribu x = −6, y ni 7. Jaribu x = 100, y inashuka hadi −46, na 100 − 92 bado ni 8. Kilichoisha ni karatasi, mstari unaendelea.

Kila nukta iliyo juu ya mstari ni jibu, na kila jibu liko juu ya mstari. Shika yote mawili. Nukta (3, 3) iko karibu sana, lakini 3 + 6 ni 9, kwa hiyo iko nje. Ukilielewa hili, milinganyo miwili haina fumbo tena: unatafuta nukta inayokaa kwenye mistari yote miwili, basi.

Nukta mbili zinatosha kuupata mstari, lakini mimi hudai ya tatu iwe shahidi. Tena ziachanishe. Zikibanana, kosa dogo la ncha ya penseli linakuwa kubwa ukifika ukingoni mwa karatasi.

Sasa kauli nyingine ninazozikuta kwenye madaftari. "Milinganyo miwili lazima itoe jibu moja." Nani kasema? Chukua x + 2y = 8 na 2x + 4y = 10. Zidisha wa kwanza kwa 2, toa wa pili, unabaki na 0 = 6. Usifute, hujakosea: mistari ni sambamba, haikutani. Sasa badilisha ile 10 iwe 16. Unapata 0 = 0, na hapo hakosi wa kuandika "x = 0, y = 0". Hebu rudisha hizo sifuri kwenye mlinganyo: 0 = 8? Huo ni mstari uleule ulioandikwa mara mbili, na kila nukta yake ni jibu.

"Grafu inatoa jibu kamili." Chora x + y = 4 na 2x − y = 3. Utasoma makutano kama (2.3, 1.7), na mlinganyo wa kwanza utakubali. Wa pili utakataa: 4.6 − 1.7 ni 2.9. Jibu lenyewe ni x = 7/3, y = 5/3, na hakuna jicho la kuyasoma hayo kwenye miraba. Grafu inakuonyesha kama jibu lipo na liko upande gani. Ukitaka thamani kamili, kokotoa.

"x = 3 ni mstari wa kulala, kwa kuwa mhimili wa x umelala." Weka nukta (3, 0), (3, 1) na (3, 5), kisha uniambie kama zimelala.

"Mteremko ni namba iliyo mbele ya x." Labda y ikiwa imebaki peke yake upande wake. Kwenye 2x + 3y = 12, mteremko ni −2/3: ukienda hatua 3 kulia, unashuka 2. Anzia (0, 4), utapita (3, 2), utatua (6, 0).