Je, wajua simu ikizima ukiwa unarekodi, video inakwenda wapi?

Mzee mmoja aliingia kibandani kwangu hapa Mtwara mjini, simu kaishika kwa mikono miwili kama aliyebeba yai. Alikuwa ametoka Newala, mpwa wake katoka jandoni, na kwa Wamakonde mjomba haendi kwenye shughuli hiyo kama mgeni mwalikwa. Alirekodi ngoma kwa muda mrefu. Kabla hajabonyeza kitufe cha kusimamisha, chaji ikaisha, simu ikazima.

"Mwanangu, faili si hili hapa? MB 412. Mbona halifunguki?"

"Picha zimo, mjomba. Kilichokosekana ni daftari."

Hakunielewa, na nisingemlaumu. Wengi tunadhani faili la video ni kama utepe wa kaseti: ukikatika katikati, nusu ya kwanza bado inacheza. MP4, aina ya faili ambayo simu nyingi huhifadhia video, haiko hivyo. Ni kontena, na umbo lake limetokana na QuickTime ya Apple iliyotoka mwaka 1991. Ndani yake mna visanduku, na kila kisanduku huanza na baiti 8 (baiti ni kipande kidogo cha data) za utambulisho. Za kwanza kabisa katika faili la mzee zilikuwa hizi:

00 00 00 20 66 74 79 70

Nne za mwanzo ni ukubwa wa kisanduku kizima, pamoja na hizo 8 zenyewe. Zimeandikwa kwa hesabu ya msingi wa 16, kwa hiyo 20 hapo ni 32 katika hesabu yetu ya sokoni. Nne zinazofuata ni herufi: 66 ni f, 74 ni t, 79 ni y, 70 ni p. Kisanduku "ftyp", baiti 32, kazi yake kusema faili hili ni la aina gani. Ukitaka kinachofuata, ruka hadi baiti ya 32 usome nane nyingine. Basi, ndivyo faili zima linavyosomwa: urefu, jina, ruka.

Mimi hulisoma kwa ukurasa mdogo niliouandika, unaofunguka kwenye kivinjari cha kawaida. Watu husita wakisikia neno kivinjari, wanadhani video ya familia inapandishwa mtandaoni na bando linaliwa. La. Kivinjari kinaweza kusoma faili likiwa palepale kwenye simu au kompyuta, na hakilazimiki kulimeza lote. Ukurasa wangu huomba baiti 16 tu, unazigeuza namba kwa chombo kinachoitwa DataView, kisha unaruka. Kwa nini 16 na si 8? Kwa sababu ukubwa wa baiti nne unaishia kwenye GB 4 hivi. Kisanduku kikizidi hapo, sehemu ya ukubwa huandikwa 1, na ukubwa wa kweli huwekwa kwenye baiti 8 zinazofuata jina.

Sasa la mzee. Baada ya "ftyp" kikaja "mdat", kisanduku kinachobeba picha na sauti zenyewe, na ukubwa wake ulikuwa 00 00 00 00. Kwa kanuni za MP4, sifuri maana yake "mpaka mwisho wa faili". (Toleo la kwanza la ukurasa wangu halikulijua hilo. Lilijumlisha sifuri, likabaki palepale, likajumlisha tena sifuri, mpaka kivinjari kikaganda.) Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Kisanduku cha "moov" hakikuwapo.

Moov ndiyo daftari. Huku kusini msimu wa korosho kila mtu anaijua stakabadhi ghalani: magunia yanalala ghalani, karatasi ndiyo inayosema ya nani, kilo ngapi, daraja gani. "Mdat" ni ghala. "Moov" imeandika kila fremu, yaani kila picha moja ya video, ina baiti ngapi, imewekwa wapi, ionyeshwe sekunde gani, na zipi zinajitegemea bila kutazama ya nyuma yake. Dakika 10 kwa fremu 30 kila sekunde ni fremu 18,000, kila moja na mstari wake. Simu haijui utasimamisha lini, kwa hiyo haijui daftari litakuwa nene kiasi gani. Ndiyo maana huandika picha kwanza na kulifunga daftari mwishoni, unapobonyeza kusimamisha. Chaji ikiwahi kabla ya kidole chako, ghala limejaa na karatasi hakuna.

Sababu hiyohiyo ndiyo inayofanya video nyingine mtandaoni zichelewe kuanza. Daftari liko mkiani, kivinjari kinalazimika kuiomba seva "nipe kuanzia baiti fulani", nayo ikikubali hujibu kwa namba 206. Seva isiyokubali vipande itakufanya usubiri.

Kingine kilichomo humo ni tarehe. MP4 huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1904. Simu ikiacha sifuri pale, programu nyingine zitakuambia harusi ya juzi ilirekodiwa 1904, mwaka mmoja kabla ya vita vya Maji Maji kuanza kule Umatumbi.

Nikamuuliza mzee kama ana video nyingine, nzima, ya simu ileile kwa mipangilio ileile. Alikuwa nayo, ya barabarani asubuhi ile, sekunde chache za vumbi na pikipiki. Hiyo ndiyo dawa, kwa sababu moov hubeba pia maelekezo ya kufungua picha zilizobanwa, na maelekezo hayo yanaweza kuazimwa. Programu ya ukarabati kwenye kompyuta ikaingia ghalani bila karatasi, ikahesabu magunia moja moja. Kwa picha kazi si ngumu sana, maana ndani ya "mdat" vipande vya H.264, namna ya kubana picha, kwa kawaida hutanguliwa na urefu wake. Sauti iliyobanwa kwa namna ya AAC haina alama hiyo, hapo programu hubahatisha.

Jioni nikampigia. Vijana wanaonekana, vumbi linaonekana, mpwa wake anaonekana. Ila ngoma inalia kidogo kabla mkono haujagusa ngozi. Nikamwambia niachie hadi kesho niipange sauti.

"Wacha hivyohivyo," akasema. "Nitumie sasa hivi, mama yake anasubiri."