Kabla ya kufungua blogu, angalia kwanza utakavyohama

Wengi wanaonijia hapa Mwanza wakitaka kuanza kuandika mtandaoni huniuliza huduma ipi ya kuwekea blogu ni nzuri, Blogger au WordPress. Kazi yangu ni kuwatengenezea watu tovuti na kuwafundisha kuziendesha wenyewe, na kabla ya kujibu huwauliza: siku ukitaka kuhama, utaondoka na nini? Huduma ya bure ni sawa na kukaa nyumba ya mtu bila kodi. Unakaa vizuri tu, lakini mwenye nyumba akiamua kuuza kiwanja, unatoka na kile ulichoweza kubeba.

Mambo hayo yameshatokea. Posterous ilianza mwaka 2008 na watu waliipenda kwa urahisi wake: unatuma barua pepe, andiko linatokea mtandaoni. Twitter ikainunua mwaka 2012, na tarehe 30 Aprili 2013 ikazimwa. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, nao ukafungwa mwaka 2019. Aliyekuwa amechukua nakala ya maandishi yake aliendelea kwingine, asiyechukua akaanza upya.

Kwa hiyo naangalia mawili tu. Je, mtu ataweza kuandika na kurekebisha kwa simu ya kawaida na bando la wiki? Na je, ataweza kuyatoa maandishi yake yote kwa mkupuo mmoja, katika faili ambalo huduma nyingine italisoma? Rangi na mapambo yatakuja baadaye, na mara nyingi hayahitajiki kabisa.

Kuna mama anauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba. Wateja wake wa Dodoma na Dar humpigia kila siku kumuuliza yale yale: dagaa wa mchangani na wa kwenye chanja wanatofautianaje, kwa nini wanaadimika mwezi unapong'aa, gunia liwekwe wapi lisishike unyevu. Nikamwambia, "Mama, haya ukiyaandika mara moja, wewe ni kuwatumia linki tu." Akasema, "Sasa mwanangu, na mimi kompyuta sina?" Tukafungua Blogger kwenye kivinjari cha simu yake, hapo hapo pembeni ya mizani. Andiko lake la kwanza lilikuwa na aya nne. Alieleza kwamba dagaa aliyeanikwa mchangani hubeba chembe za mchanga hata umuoshe vipi, ila wa kwenye chanja hukauka vizuri kwa sababu hewa inapita juu na chini, na ndiyo maana bei yake iko juu. Aliandika kama anavyoongea na mteja, na sikubadilisha neno.

Kwa mtu kama huyo nachagua Blogger bila kusita. Ilianzishwa mwaka 1999 na kampuni ya Pyra Labs, Google ikainunua mwaka 2003, na mpaka leo inafanya kazi. Blogu nyingi za mwanzo za Kitanzania zilikaa humo, ikiwemo ya Muhidin Issa Michuzi aliyeanza mwaka 2005. Haidai malipo ya mwezi, haikuwekei matangazo usiyoyataka, na ukija kununua jina lako mwenyewe la kikoa, yaani anwani ya tovuti kama ile inayoishia na .co.tz, unaliunganisha bila kulipia huduma yenyewe. Ni kweli muonekano wake umepitwa na wakati na Google haiendelezi mambo mengi humo. Kwa anayeandika aya nne za dagaa, hilo halimpunguzii kitu.

Kutoka kwake ni rahisi pia. Unaingia kwenye mipangilio, unashuka hadi sehemu ya kusimamia blogu, unagusa pa kuhifadhi nakala. Unachopata ni faili lenye maandishi yako na maoni ya wasomaji, na WordPress inajua kulipokea. Tatizo ni picha, kwa sababu ndani ya maandishi zinakaa kama anwani tu, zikielekeza kule kule unakohama. Picha zako halisi zitunze mwenyewe kwenye memori kadi au flashi, katika folda moja yenye jina linaloeleweka.

Na usipandishe picha kama ilivyotoka kwenye kamera. Picha moja ya simu za siku hizi huwa na MB 3 hadi 5. Picha kumi zinaweza kula MB 40 za bando lako kabla hujaandika neno. Ukijitumia picha WhatsApp kwa namba yako mwenyewe, bila kuchagua ubora wa juu, nakala inayotumwa hupunguzwa hadi KB mia kadhaa. Itumie hiyo. Msomaji aliye Nansio au Sengerema hataona tofauti kwenye kioo cha simu yake.

WordPress inachanganya watu kwa sababu ni vitu viwili vyenye jina moja. Kuna WordPress.com, ambayo ni huduma: unajisajili, unaandika. Mpango wake wa bure una nafasi ya GB 1, unaweka matangazo yao kwenye kurasa zako, na ukitaka kutumia jina lako la kikoa lazima ulipie. Halafu kuna programu ya WordPress inayopatikana WordPress.org. Hiyo ni huria kabisa, na zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani zinaitumia, lakini inahitaji hostingi, yaani nafasi ya kukodi kwenye kompyuta iliyo mtandaoni muda wote, unayolipia kila mwaka, na mtu wa kuisasisha pamoja na plagini zake, vile viprogramu vya kuiongezea kazi. Nimeona watu wengi wakiambiwa "WordPress ni ya bure", wakalipa hostingi mwaka wa kwanza, mwaka wa pili pesa haikupatikana na tovuti ikapotea. Kama mko kundi, tuseme wanafunzi wa uandishi wa habari pale chuo kikuu cha SAUT mnaotaka gazeti la mtandaoni lenye wahariri na waandishi wa ngazi tofauti, hapo WordPress inastahili gharama yake. Mtu mmoja anayeanza, sikushauri.

Substack ni nzuri kwa anayetaka maandishi yake yawafikie wasomaji kwa barua pepe, na orodha ya wasomaji unaweza kuondoka nayo. Ila ukitaka wasomaji walipie, malipo hupitia Stripe, kampuni ya kupokelea malipo mtandaoni, na Stripe haifungui akaunti za kupokea fedha kwa biashara zilizopo Tanzania. Telegraph, ukurasa wa kuandikia wa Telegram, ndiyo nyepesi kuliko zote, maana huhitaji hata kujisajili, lakini ukifuta historia ya kivinjari unaweza usiweze tena kulirekebisha andiko lako. Facebook itumie kutangazia linki. Andiko la miezi sita iliyopita kulipata humo ni kazi hata kwa aliyeliandika.

Jambo linalonisumbua kuliko yote ni akaunti yenyewe ya Google, ile unayofungulia Blogger. Huku kwetu watu wengi walifunguliwa barua pepe na kijana wa kibanda cha simu siku waliponunua simu. Nywila anayo yeye, au hakuna anayeikumbuka, na namba ya kurejeshea akaunti ni ya laini iliyokwishafungwa. Blogu ikikaa juu ya akaunti kama hiyo, siku simu inadondoka ziwani ukiwa kwenye kivuko, na blogu imekwenda. Fungua akaunti mpya kwa mkono wako. Weka namba unayoitumia kweli. Washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha omba zile namba za akiba za kuingilia simu ikipotea: Google hutoa kumi, kila moja ina tarakimu nane. Ziandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Uingie mara kwa mara pia, kwa sababu tangu Desemba 2023 Google imeanza kufuta akaunti za watu binafsi ambazo hazijaguswa kwa miaka miwili.

Ufanye na jaribio hili kabla hujamtangazia mtu blogu yako. Weka maandiko mawili ya kujaribia, toa nakala, fungua blogu nyingine mpya, uliingize faili humo. Yakitokea yote mawili, endelea. Yasipotokea, umepoteza jioni moja tu.

Kuhusu leseni ya kuchapisha mtandaoni, chombo kuwa cha bure hakukuondoi kwenye sheria. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwadai wanablogu ada zilizofika zaidi ya shilingi milioni 2 kwa kuanzia, na blogu kadhaa zilinyamaza. Zikaja kanuni mpya mwaka 2020, zikarekebishwa mwaka 2022, na uzito wa leseni ukaelekezwa kwa wanaotoa habari na matukio. Mama wa dagaa hayumo kundi hilo. Ukiwa unaandika habari za mji, siasa au matukio ya kila siku, pita kwanza ofisi ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, Kanda ya Ziwa, ipo hapa hapa Mwanza, uulize daraja lako na ada ya sasa.

Wapo pia wanaotaka kitabu. Mwalimu mstaafu wa Ukerewe anayekusanya habari za koo za kisiwa chake nilimwambia aanze na blogu, sura moja moja, ili ndugu walioko mbali wamsahihishe majina na miaka. Sura zikitulia, aziweke kwenye LibreOffice Writer, programu ya bure ambayo tangu mwaka 2018 inaweza kutoa faili la EPUB, yaani la kitabu cha kusomea kwenye simu au kompyuta, moja kwa moja, pamoja na PDF. EPUB hupanga maandishi upya kulingana na kioo, hivyo kwenye simu inasomeka vizuri kuliko PDF, na kitabu cha maandishi matupu kwa kawaida hakifiki hata MB 1. Kukigawa kwa WhatsApp hakuhitaji ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu. Akitaka kuchapa nakala za karatasi ziingie madukani, ISBN ataiombea Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na aiombe kabla jalada halijachorwa, maana namba hiyo inakaa nyuma ya jalada.