Popo si ndege, wala si panya: dhana potofu kuhusu viumbe wa Tanga

Makosa mengi tunayoyafanya kuhusu wanyama na mimea yana chanzo kimoja: tunawapanga kwa jinsi tunavyowaona. Anayeogelea ni samaki, anayeruka ni ndege, kilichoota ni mmea. Sokoni mpango huo unatosha, na muuza pweza pale soko la samaki la Deep Sea hahitaji mwingine. Biolojia yenyewe hupanga kwa nasaba: nani ana babu mmoja na nani, na babu huyo ni wa karibu au wa mbali. Kila ukoo una binamu wanaofanana kama mapacha na ndugu wa tumbo moja ambao mgeni hawezi kuwahusisha. Kwa viumbe hali ni hiyo hiyo, ila ukoo wenyewe ni wa mamilioni ya miaka.

"Nguva ni nusu mtu, nusu samaki"

Hana unusu wowote. Nguva ni mamalia kamili: hupumua hewa kwa mapafu, huzaa, na humnyonyesha mwanawe kwa matiti yaliyo karibu na makwapa. Pengine hayo matiti ndiyo yaliyowapa mabaharia hadithi zao. Chakula chake ni nyasi bahari, na ndugu zake wa karibu walio nchi kavu ni tembo na pimbi. Ndiyo, pimbi, pamoja na yule perere anayepiga kelele usiku katika misitu ya Usambara. Umbo haliwezi kukuonyesha undugu huo, lakini mifupa, meno na vinasaba vinauonyesha.

Pomboo naye ni mamalia, lakini hakuingia baharini kwa njia moja na nguva. Ukoo wake uko upande wa kiboko na ng'ombe. Anayewachanganya na samaki asijione mjinga sana, kwani hata Carl Linnaeus, Mswidi aliyeweka misingi ya kupanga viumbe, aliwahesabu nyangumi kuwa samaki mpaka toleo la 1758 la kitabu chake.

"Silikanti ndiye babu yetu, samaki mwenye miguu"

Hapa nitakaa kidogo, maana silikanti ni wa kwetu. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilianzishwa Tanga mwaka 2009, baada ya wavuvi wa jarife kuwanasa mara kwa mara kwenye maji ya kina. Wanasayansi walidhani samaki hawa walitoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Kisha mwaka 1938 mmoja akavuliwa Afrika Kusini, akaonwa na Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji wa East London. Ndiyo maana leo jina lake la kisayansi ni *Latimeria chalumnae*.

Mapezi yake yana nyama na mifupa ndani, yamekaa kama viungo. Kutokana na hayo watu wamejenga picha ya samaki anayetembea sakafuni mwa bahari. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke alishuka kwa nyambizi ndogo huko Komoro na kuwapiga picha wakiwa hai kwenye makazi yao. Hawakuwa wakitembea. Walielea polepole, pezi la kulia na la kushoto yakipokezana, na mara nyingine walisimama kichwa chini miguu juu, kama ingekuwapo miguu.

Na babu je? Silikanti hawezi kuwa babu yetu, kwa sababu anaishi sasa hivi kama sisi. Ni binamu. Tena si binamu wa karibu kama ilivyodhaniwa: vinasaba vyake vilipochapishwa mwaka 2013 vilionyesha kwamba kamongo, yule wa Ziwa Victoria anayepumua kwa mapafu na kujizika kwenye tope wakati wa kiangazi, yuko karibu zaidi na sisi. Napenda kulirudia hili kwa wanaobisha: kamongo na silikanti wote wawili ni ndugu wa karibu zaidi wa binadamu, wa kuku na wa chura kuliko walivyo ndugu wa changu. Kwa nasaba, basi, samaki si ukoo mmoja, na ukitaka kuufanya uwe mmoja huna budi kujiweka na wewe mwenyewe ndani yake.

Dhana nyingine inayomfuata silikanti ni kwamba hajabadilika hata chembe tangu zama za dinosaria. Visukuku vya silikanti wa kale vinatofautiana na huyu kwa ukubwa na umbo, na jenasi ya *Latimeria* yenyewe haijaonekana kwenye visukuku. Hata uzazi wake huwashangaza wengi: hatagi, anazaa. Umri wake nao si mchache. Utafiti wa mwaka 2021 uliosoma miduara ya magamba ulionyesha anaweza kukaribia miaka 100, kwa hiyo kila anayenaswa ni hasara inayochukua muda mrefu kufidiwa. Nyama yake yenyewe haina faida, mafuta yake huharisha.

"Popo ni ndege", na wajuaji husema "ni panya mwenye mabawa"

La kwanza wengi wanalijua tangu shule ya msingi: popo wa mapango ya Amboni wana manyoya ya mnyama, huzaa na hunyonyesha. La pili ndilo linalosumbua. Popo hana undugu wa karibu na panya. Yuko upande wa mbwa, farasi na ng'ombe. Panya yuko upande wetu, wa nyani na binadamu. Kwa maneno mengine, panya anayekula unga wako jikoni ni ndugu yako wa karibu kuliko alivyo wa popo.

"Mkonge ni jamii ya nanasi"

Majani marefu yenye ncha, yaliyojipanga kuzunguka kitako kimoja: macho yanakubali kabisa. Lakini nanasi liko upande wa nyasi, na jamaa zake ni mahindi, mpunga na miwa. Mkonge uko upande wa vitunguu, na mshubiri nao uko huko huko. Mnazi na mgomba, kwa kuwa tumefika mashambani, ni mimea ya ghalambegu moja, yaani mbegu yake huchipua na jani moja la kwanza, kama hiyo yote. Ndiyo maana ukiukata mnazi hukuti miduara ya umri kama ya mninga: shina lake haliongezi tabaka la mti mwaka hadi mwaka. Mgomba hauna hata shina la mti. Unachokiona kimesimama ni sehemu za chini za majani zilizokumbatiana.

Asili ya mkonge wetu ni Meksiko. Richard Hindorf, Mjerumani, aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na katika miche 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika salama na kupandwa upande wa Pangani. Mkonge huchanua mara moja tu maishani. Hutoa mlingoti mrefu, na juu ya mlingoti huo huota vichipukizi vidogo, kisha mama hufa. Anayepanda vichipukizi hivyo anapanda nakala za mama yuleyule. Chotara namba 11648, aliyezalishwa Mlingano, kituo cha utafiti wa mkonge, hakupatikana hivyo, bali kwa kuchanganya aina tofauti za mkonge. Katika wazazi wake yumo *Agave amaniensis*, mkonge wa rangi ya samawati uliopewa jina la Amani, kule Usambara. Kuchanganya mkonge na mkonge kunawezekana kwa sababu ni ndugu kweli. Na nanasi usijaribu.

"Mwani, nyasi bahari na matumbawe yote ni mimea ya baharini"

Vitu vitatu, na kati ya hivyo ni kimoja tu ambacho ni mmea wa maua kama mchicha: nyasi bahari. Zina mizizi ya kweli, zina maua, na chavua yake husafirishwa na maji. Wazee wake waliishi nchi kavu kisha wakarudi baharini, kama nguva anayezila. Spinosum na kotonii ambazo akina mama hufunga kwenye kamba kwa vikamba vidogo vya tai-tai ni mwani mwekundu. Hazina mizizi, maua wala mbegu, na hunyonya chakula kwa mwili wote, ndiyo maana kipande kilichofungwa kinaendelea kukua bila kugusa mchanga. Mwani wa kahawia, ule unaotupwa ufukweni baada ya upepo mkali, uko mbali zaidi hata na huo mwekundu.

Matumbawe ni wanyama, ndugu wa konyeza. Jiwe ni nyumba waliyoijenga, na ndani ya miili yao wamehifadhi mwani mdogo mno unaowatengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Uyoga, ukitaka kujua, nao si mmea, na uko karibu zaidi na wanyama.

"Mikoko ni jamii moja ya miti"

Ni kazi moja, si ukoo mmoja. Miti kadhaa isiyohusiana ilijifunza kuishi kwenye chumvi na tope, kila mmoja kwa wakati wake. Mkoko wenyewe, mkandaa na msinzi ni ndugu. Mkomafi si wao. Huo ni wa familia ya mwarobaini. Msikundazi ni wa ukoo wa mbuyu na bamia.

"Jina la kisayansi likishatolewa halibadiliki"

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa eneo hili, alimpelekea baba yake ua dogo la zambarau kutoka Usambara. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaliita *Saintpaulia ionantha*, na likaenea madirishani mwa Ulaya na Marekani. Vinasaba vilipochunguzwa ikaonekana kwamba limeota katikati ya tawi la jenasi nyingine, *Streptocarpus*, nalo likahamishiwa humo mwaka 2015. Wauza maua bado wanaliuza kwa jina la zamani.