Modeli ya mkato ya meli ya chuma ni kitu gani?

Wengi tukisikia modeli ya meli tunawaza ile meli nzima ya kwenye kabati la kioo, mlingoti, bendera, kila kitu. Modeli ya mkato siyo hiyo. Hii unachukuliwa ubavu wa meli tu, kipande kimoja, kinatengenezwa kidogo kwa skeli ili uone ndani kumejengwaje.

Chukua HMS Warrior, meli ya kivita ya Uingereza, iliyoshushwa majini London Desemba 1860, leo ipo Portsmouth watu wanaitembelea. Kwa nje unaona rangi nyeusi basi, ila ukikata ubavu wake katikati unakutana kwanza na bamba la chuma la inchi 4.5, nyuma yake mbao za mtiki inchi 18 kwa matabaka mawili, moja limelazwa na jingine limesimamishwa, halafu ndo gamba lenyewe la meli ambalo ni chuma chembamba, na mbavu za chuma zinashikilia yote, na bolti zimepita toka nje mpaka ndani zikafungwa nati. Mtiki haukuwekwa kwa urembo, ulikuwa unapunguza kishindo cha kombora bolti zisikatike hovyo.

Sasa skeli ndo shughuli. Kwa 1:48, yaani modeli ni ndogo mara 48 kuliko meli halisi, wanayoipenda wengi kwa meli nzima, bamba la milimita 114 (ndo ile inchi 4.5) linakuwa milimita 2.4 tu na bolti hata huioni vizuri, ndo maana wa mkato wanapanda hadi 1:12, hapo bamba linafika karibu milimita 9.5 na mtiki 38, fundi anaweza kuchonga hata maungio. Na maungio ya Warrior ndo utamu wenyewe kwa maoni yangu, yale mabamba yaliumana ulimi kwenye mfereji kama mbao za T&G (tongue and groove) za dari, ukuta ukawa imara kweli, lakini moja likiharibika kulichomoa peke yake ni kazi kwelikweli, meli zilizofuata wakaachana nayo.

Ukiweka mkato wa La Gloire, meli ya kivita ya Ufaransa (1859), pembeni, tofauti unaiona hapohapo: ile bodi yote ni mbao, chuma kimevalishwa juu. Monitor, meli ya kivita ya Marekani ya 1862, nayo mnara wake wa mizinga ni mabamba 8 ya inchi moja moja yamepangwa yakabanwa pamoja, kwa hiyo anayetengeneza modeli yake akikata kipande kimoja kinene akamaliza, amekosea.